Namna ya Kuchagua Lugha Rasmi za Nchi Yenye Lugha Nyingi: Mwongozo kwa Wanaoandika Katiba, Sheria na Sera

Katiba ya Zimbabwe ya mwaka 2013 inatambua lugha 16 kuwa rasmi, na Kitonga kimo. Lakini kumbukumbu za Mahakama Kuu mjini Harare zinaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haina ibara inayotangaza lugha rasmi ya nchi. Kiswahili na Kiingereza vinatajwa pale panapoelezwa sifa za mgombea ubunge, kwamba awe anajua kusoma na kuandika mojawapo. Pamoja na hayo, mtu anayeingia ofisi ya kijiji, kituo cha polisi au zahanati ya Tanzania huhudumiwa kwa Kiswahili bila kumbembeleza yeyote.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mwongozo huu. Nimewaandikia walio ndani ya kazi yenyewe: mjumbe wa tume ya katiba, ofisa wa wizara, mwanaharakati anayepeleka maoni bungeni, mwanafunzi wa sheria anayeandika rasimu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Serikali inapoitangaza lugha kuwa rasmi inajitwika wajibu kwa kila mtu anayeizungumza, na ahadi ni deni. Kwa hiyo panga kwanza kazi zitakazofanywa, kisha utafute lugha za kuzifanya. Tume nyingi huanza na mjadala wa lugha ipi ina heshima zaidi, zikafika kwenye kazi siku za mwisho wakati bajeti na subira vimekwisha.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi kabla ya kutaja lugha yoyote

Andika kila mahali ambapo serikali humwambia mwananchi jambo, na kila mahali ambapo mwananchi huiambia serikali jambo. Orodha itakuwa ndefu kuliko ulivyodhani: mjadala wa bunge, maandishi ya sheria, amri ya kukamatwa, mwenendo wa kesi, hukumu, fomu ya ardhi, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kura, maelezo ya dawa, ridhaa ya upasuaji, somo la darasa la kwanza, mtihani wa kidato cha nne, tangazo la zabuni, tahadhari ya mafuriko, usaili wa ajira serikalini.

Mbele ya kila kazi jibu swali moja: mtu asipoielewa lugha iliyotumika, atapoteza nini? Asipoelewa hotuba ya ufunguzi wa bunge atapoteza kidogo. Asipoelewa tahadhari ya mafuriko anaweza kupoteza uhai. Asipoelewa hati ya mauzo atapoteza shamba. Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha pa kuanzia fedha zinapokuwa chache, na daima huwa chache.

Kisha ipe kila kazi daraja. Kuna ngazi nne, na kuzichanganya ndiko kunakozaa sheria nyingi zisizotekelezeka. Ngazi ya kwanza ni kusikilizwa: mtu anazungumza lugha yake na anaeleweka, hata kama ni kwa msaada wa mkalimani. Ya pili ni kujibiwa kwa maandishi kwa lugha hiyo. Ya tatu ni maneno yake kuingia kwenye kumbukumbu kama alivyoyasema. Ya nne ni matini ya lugha hiyo kuwa na nguvu ya kisheria sawa na matini nyingine.

Kenya inaonyesha vizuri namna ngazi hizi zinavyoachana. Mwaka 1974 Kiswahili kiliruhusiwa bungeni, wabunge wakajadili kwa Kiswahili, lakini miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 ilipiga hatua kubwa: Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 120 inaongeza Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ukiendelea kusoma hadi Ibara ya 259, hata hivyo, utakuta kwamba matoleo ya Katiba yakipingana, toleo la Kiingereza ndilo linaloshinda. Kiswahili kimefika ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kikasimamishwa mlangoni mwa ya nne. Uswisi iliamua vingine: sheria za shirikisho hutolewa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, na matini zote tatu zina nguvu sawa. Kanada pia, kwa Kiingereza na Kifaransa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mahakama za Tanzania. Mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani. Kwenye mahakama za wilaya na kuendelea, shahidi alitoa ushahidi wake kwa Kiswahili, wakili akamhoji kwa Kiswahili, hakimu akasikiliza kwa Kiswahili, kisha mkono wake ukaandika Kiingereza. Kila jibu lilitafsiriwa kichwani mwa hakimu, papo hapo, na hapakuwa na mtu wa kuikagua tafsiri hiyo. Mtu akikata rufaa, majaji walisoma Kiingereza cha hakimu, si maneno ya shahidi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, na kuacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Hapo mwananchi alipandishwa kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na ya nne ikawa kazi ya wafasiri wa sheria, maana sheria nyingi za nchi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Ukitaka kujua kama sera ya lugha ina maana yoyote, tazama kumbukumbu za mahakama zimeandikwa kwa lugha gani.

Hatua ya 2: Jua nani anazungumza nini, kwa kiwango gani

Takwimu za kabila hazitoshi. Sensa ya Kenya huuliza kabila, lakini mtoto wa wazazi Waluo aliyezaliwa na kukulia Nairobi anaweza kuwa na Kiswahili kama lugha yake ya kwanza. Ukigawa huduma kwa kufuata kabila utapeleka vitabu visivyo na wasomaji. Hitilafu nyingine ni kuuliza swali moja tu la lugha ya mama, kana kwamba kila mtu ana moja. Sensa ya India huuliza lugha ya mama na lugha nyingine mbili ambazo mtu anazijua. Hilo ni bora zaidi kwa nchi zetu, ambako mtu wa Bukavu au Mbale hutumia lugha tatu kabla ya saa sita mchana.

Maswali ninayoyapendekeza ni haya: nyumbani mnazungumza lugha gani mara nyingi? Ni lugha zipi nyingine unazielewa mtu akikueleza jambo la matibabu au la kesi? Unaweza kusoma barua kwa lugha gani? Swali la tatu lisiachwe. Katika nchi nyingi za Afrika watu huzungumza lugha yao vizuri lakini wamefundishwa kusoma kwa lugha nyingine, na barua ya lugha yao huwashinda. Hao wanahitaji kusikilizwa na kuelezwa kwa mdomo au redioni kabla ya kuhitaji fomu zilizochapishwa.

Usiishie kwenye kujitaja. Chukua tangazo halisi la serikali, msomee mtu, mwombe akueleze kwa maneno yake linamtaka afanye nini. Fanya hivyo katika wilaya kadhaa, mjini na vijijini, kwa wanawake na wanaume, wazee na vijana. Wanawake wa vijijini na wazee mara nyingi ndio wanaoachwa nyuma na lugha ya mawasiliano ya nchi, kwa sababu hawakukaa shuleni wala sokoni kwa muda mrefu kama wengine. Wastani wa taifa utawaficha.

Kuna pia suala la nani anayetaja lugha. Jina la Kiluhya linakusanya lahaja kama Kibukusu na Kimaragoli, ambazo wasemaji wake hawaelewani kwa wepesi wote. Kimijikenda kinakusanya makundi tisa. Je, ni lugha moja au nyingi? Wataalamu wa isimu watakupa maoni, lakini waulize wasemaji kwanza kama wako tayari kusoma maandishi ya wenzao. Wakikubali, umeokoa fedha nyingi. Wakikataa, usiwalazimishe kwa kalamu ya wizara.

Na viziwi wahesabiwe wakati huo huo. Lugha ya alama haifanani na lugha ya mdomo ya nchi, ina sarufi yake, na wasemaji wake wametawanyika kila wilaya. Afrika Kusini ilianza na lugha rasmi 11 katika Katiba ya mwaka 1996, na ikaifanya lugha ya alama kuwa ya 12 mwaka 2023. Ni miaka mingi mno kwa jambo ambalo lingeweza kuwekwa tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Pima wagombea, na upime hofu pia

Sasa unaweza kutaja majina. Kila lugha inayopendekezwa ipimwe kwa ueneaji wake, utayari wake wa kuandikiwa, na mambo mawili ambayo tume hupenda kuyakwepa: nani atanufaika ikichaguliwa, na nani ataogopa.

Kura ya wengi haitoshi. Indonesia wasemaji wa Kijava walikuwa wengi kuliko wa lugha nyingine yoyote, lakini vijana waliokutana mwaka 1928 kuapa juu ya umoja wa nchi waliichagua lugha iliyotokana na Kimalei, ambayo ilikuwa ya kwanza kwa watu wachache lakini ilitumika bandarini na sokoni kote visiwani. Kiswahili kilipata nguvu Tanganyika kwa njia inayofanana: kilikuwa lugha ya kwanza kwa watu wa pwani na visiwani, kikasafiri bara na misafara, shule na baadaye mikutano ya TANU, chama kilichopigania uhuru, na wa bara hawakuona kwamba kabila moja kubwa linawatawala kwa kupitia lugha yake.

Pakistan ilienda njia nyingine. Zaidi ya nusu ya watu wake walizungumza Kibangla, wengi wao upande wa mashariki, lakini mwaka 1948 Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa nchi hiyo, alisimama Dhaka na kutamka kuwa lugha ya taifa itakuwa Kiurdu peke yake. Kiurdu kilikuwa lugha ya mama ya sehemu ndogo ya wananchi. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi waandamanaji, wanafunzi wakiwemo, mjini Dhaka. Katiba ya mwaka 1956 ilizitambua lugha zote mbili, lakini kidonda hakikupona, na mwaka 1971 Bangladesh ikawa nchi. Siku hiyo ya Februari ndiyo inayoadhimishwa leo duniani kama Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Somo la kiufundi kwa mwandishi wa rasimu ni hili: usitumie maneno “peke yake” katika sheria ya lugha pale ambapo kundi kubwa la watu lina maandishi, magazeti na vyuo vyake.

Lugha za wakoloni zina hoja moja ya kweli: hazina kabila ndani ya nchi. Lakini zina wenyewe, nao ni wale waliosoma muda mrefu. Sensa ya Afrika Kusini ya mwaka 2022 inaonyesha kuwa Kiingereza huzungumzwa zaidi nyumbani na asilimia 8.7 tu ya watu, na Kizulu na asilimia 24.4, lakini mwaka 2017 wakuu wa mahakama za nchi hiyo waliamua kumbukumbu za mahakama zote kuu ziwe kwa Kiingereza. Kiingereza na Kifaransa vinaweza kupewa kazi halali: mikataba ya kimataifa, sayansi ya ngazi ya juu, biashara ya nje. Shida huanza vinapoachiwa kazi ambazo mkulima anazihitaji.

Nisiufiche upande wa pili wa Kiswahili, ninachokipenda na ninachokiandikia. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na karibu zote hazina nafasi shuleni. Mtoto wa Kihadzabe au wa Kidatoga anayeanza darasa la kwanza anakutana na Kiswahili kama mgeni, na mwalimu hana kitabu cha kumvusha. Umoja tulioupata ulikuwa na gharama, na walioilipa ni watoto kama hao. Mwandishi wa sera anayechagua lugha moja pana anapaswa kuitaja gharama hiyo kwenye rasimu na kuweka fungu la kuipunguza, kwa uchache kwa miaka ya mwanzo ya shule.

Hatua ya 4: Amua kama haki itamfuata mtu au itakaa mahali

Hapa ndipo nchi yenye lugha hamsini inapoweza kujinusuru na gharama zisizobebeka. Haki ya lugha inaweza kumfuata mtu popote aendako, au inaweza kukaa katika eneo.

Uswisi huegemea eneo: ukihamia Geneva, serikali ya jimbo itakuhudumia kwa Kifaransa hata kama ulizaliwa ukizungumza Kijerumani. India nayo huachia kila jimbo lichague lugha yake rasmi, huku serikali ya Muungano ikitumia Kihindi na Kiingereza. Mpango wa awali ulikuwa Kiingereza kikome mwaka 1965, miaka 15 baada ya Katiba. Maandamano makubwa ya Tamil Nadu mwaka huo yalilazimisha sheria irekebishwe mwaka 1967 ili Kiingereza kibaki pasipo ukomo.

Mfumo ninaoupenda zaidi kwa mazingira yetu ni wa Finland, kwa sababu hauhitaji mwanasiasa kuamua kila mara. Nchi ina lugha mbili za taifa, Kifini na Kiswidi. Wilaya huwa ya lugha mbili pale wachache wanapofika asilimia 8 ya wakazi, au watu 3,000. Ikishakuwa hivyo, haishushwi hadi wachache wawe chini ya 3,000 na sehemu yao ipungue chini ya asilimia 6. Hesabu hufanywa upya kila miaka kumi. Pengo hilo kati ya 8 na 6 lina busara kubwa: wilaya haibadilishi lugha zake kwa sababu familia chache zimehama.

Usizinakili namba zenyewe. Kenya ina kaunti 47 na watu milioni 47.6 kwa sensa ya 2019. Tanzania ilihesabu watu milioni 61.7 mwaka 2022. Kwa idadi hizo watu 3,000 wanaweza kuwa mtaa mmoja. Weka kiwango unachoweza kukitekeleza kwa miaka mitano ya kwanza, lakini kiandike kwa namba, na kipimwe kwenye ngazi iliyo karibu na mtu: kata au wilaya kuliko mkoa. Jamii ndogo inayokaa pamoja huonekana kwenye wilaya na hupotea kwenye mkoa.

Kwa mambo matatu haki imfuate mtu popote, bila kujali idadi: kukamatwa na kushtakiwa, matibabu ya dharura, na tahadhari za maafa. Katiba ya Kenya inaonyesha njia. Ibara ya 49 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na Ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Haki hizo hazitegemei lugha yake kuwa rasmi. Ziweke hivyo hivyo.

Mpaka wa eneo ukishachorwa, watumishi wapangwe kwa kuufuata. Cameroon ina Kifaransa na Kiingereza kama lugha rasmi, sawa kwa maandishi. Mwaka 2016 mawakili na walimu wa mikoa miwili inayotumia Kiingereza waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao ni kupelekewa mahakimu na walimu waliozoea Kifaransa, pamoja na sheria za biashara zisizokuwa na tafsiri ya Kiingereza. Mgogoro huo uligeuka vita. Uhamisho wa mtumishi ni uamuzi wa lugha, hata kama barua yake inatoka idara ya utumishi.

Hatua ya 5: Hesabu watu, maneno na miaka

Fungua jedwali. Kwa kila kazi ya hatua ya 1 na kila lugha uliyoipa kazi hiyo, andika wanahitajika wakalimani wangapi, wafasiri wangapi, walimu wangapi, kurasa ngapi za kutafsiriwa, na nani yupo tayari leo. Mahali utakapokuta sifuri, kazi hiyo isianze kesho.

Istilahi zinahitaji taasisi. Kiswahili hakikuingia serikalini kikiwa mikono mitupu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya makoloni ikaanza kazi mwaka 1930. Januari 1967 Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alipotangaza kitumike katika shughuli za serikali ya Tanzania, mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kwa sheria. Lugha ambayo haina tahajia iliyokubaliwa inaweza pia kuvuka haraka ikiwa serikali imeamua: Somalia ilichagua hati za Kilatini mwaka 1972, baada ya miaka ya mabishano, ikafuatisha kampeni kubwa ya kusoma na kuandika vijijini.

Shule ndiko haraka inakoumiza zaidi. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza kutoka Kifaransa, wakati walimu wengi hawakukimudu. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yalirudishiwa Kinyarwanda, na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa tena kwamba Kiingereza kianzie darasa la kwanza. Mtoto mmoja na dada yake mdogo wanaweza kuwa wamejifunza hesabu kwa lugha tofauti katika shule ile ile. Tanzania nayo ilizindua mwaka 2015 sera ya elimu ya mwaka 2014 iliyoahidi Kiswahili katika ngazi zote. Sekondari zikabaki na Kiingereza, na toleo la mwaka 2023 likakiacha humo. Nadhani kosa lilikuwa kutangaza lengo bila kutangaza mwaka wa vitabu. Ratiba ya lugha ya kufundishia ianze na chuo cha ualimu, ifuate vitabu, kisha darasa moja kwa mwaka, kidato kwa kidato, na mtihani ubadilike mwisho.

Walinde pia walio kazini. Sheria ya Sri Lanka ya mwaka 1956 ilikifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee, na watumishi Watamil wakatakiwa kukifaulu ili wabaki au wapandishwe vyeo. Kitamil kilitajwa kuwa rasmi katika Katiba mwaka 1987, nchi ikiwa tayari vitani. Rasimu yako iseme wazi: mtumishi aliyepo hapotezi kazi wala cheo kwa sababu ya lugha mpya, anayeajiriwa baada ya tarehe fulani ndiye atakayepimwa, na anayejua lugha ya eneo anapata posho.

Hatua ya 6: Andika vifungu vinavyoweza kupelekwa mahakamani

Soma Ibara ya 6 ya Katiba ya Uganda baada ya marekebisho ya mwaka 2005: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Wananchi walibaki kusubiri sheria hiyo. Katiba ya Afrika Kusini inazitaka serikali kutumia angalau lugha mbili rasmi, huku zikizingatia matumizi, uwezekano, gharama na mazingira ya eneo. Maneno hayo ni ya busara, lakini kila moja ni mlango wa kutokea. Ilibidi sheria ya mwaka 2012 iziamuru idara za serikali kuu kutaja lugha zao zisizopungua tatu.

Rasimu yangu ya vifungu vya msingi ni hii. Badilisha namba, lakini usiondoe wajibu:

1. Lugha za shughuli za Serikali Kuu ni A na B. Kila ofisi ya Serikali Kuu itamsikiliza na kumjibu mtu kwa lugha atakayoichagua yeye kati ya hizo.
2. Katika wilaya ambamo wasemaji wa lugha nyingine wamefika asilimia au idadi iliyowekwa katika Jedwali, ofisi zote za wilaya zitakuwa na wajibu huo huo kwa lugha hiyo.
3. Ushahidi utaandikwa katika kumbukumbu za mahakama kwa lugha uliotolewa, pamoja na tafsiri.
4. Sheria zitachapishwa kwa A na B siku moja, na matini zote mbili zina nguvu sawa.
5. Mtu aliyekamatwa, mgonjwa wa dharura na watu walio katika hatari ya maafa wana haki ya kuelezwa kwa lugha wanayoielewa, ikiwa ni pamoja na lugha ya alama, bila malipo.
6. Asiyehudumiwa kwa mujibu wa vifungu hivi atalalamika kwa Kamishna wa Lugha, ambaye ataamua ndani ya siku 30 na anaweza kuiamuru ofisi itoe huduma.
7. Jedwali litapitiwa ndani ya miezi 12 baada ya matokeo ya kila sensa.

Kifungu cha 3 kitaleta ubishi kuliko vyote, kwa sababu ya lugha zisizo na makarani wa kuziandika. Jibu la vitendo ni kurekodi sauti: ushahidi unanaswa kwa lugha uliotolewa, na mahakama ya rufaa inaweza kuusikiliza na mkalimani mwingine. Kifungu cha 6 nacho kina mfano wa kuiga, kwani Kanada imekuwa na kamishna wa lugha rasmi tangu sheria yao ya mwaka 1969. Kamishna asiwe chini ya wizara anayoichunguza.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kutangaza

Chagua wilaya tatu zisizofanana: ya mjini yenye mchanganyiko, ya kijijini yenye lugha moja, na ya mpakani ambako lugha inavuka kwenda nchi jirani. Wilaya ya mpakani ina faida yake, maana vitabu na wafasiri wanaweza kuwa tayari upande wa pili. Kinyarwanda na Kirundi vinasikilizana, na Kimaasai kinazungumzwa Kenya na Tanzania. Tekeleza vifungu vyote humo kwa mwaka mmoja. Tuma watu wasiojulikana madirishani wakaombe huduma kwa kila lugha iliyoahidiwa, waandike kama walisikilizwa, walijibiwa kwa lugha gani na baada ya muda gani. Idara ya maji na masjala ya ardhi zipimwe sawa na ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa sababu huko ndiko watu wengi huenda.

Maoni ya wananchi yakusanywe kwa lugha zinazojadiliwa zenyewe. Kikao cha kuuliza watu kuhusu lugha yao kinachoendeshwa kwa lugha nyingine, na kipaza sauti mikononi mwa waliosoma, kitakurudishia majibu ya waliosoma. Mpe kazi mkalimani, rekodi mkutano, na uwasomee waliohudhuria muhtasari kabla hawajaondoka ili warekebishe.

Matokeo ya majaribio yachapishwe pamoja na rasimu ya mwisho, yakionyesha kwa kila ofisi ni maombi mangapi yalijibiwa kwa lugha iliyoombwa. Wabunge watakapoipigia kura sheria, wawe na jedwali hilo mkononi pamoja na gharama halisi ya mwaka mmoja wa wilaya hizo tatu, na fungu la mwaka wa kwanza la nchi nzima liwe limeandikwa katika bajeti hiyo hiyo.